Kugawanya kwa mkono kusiondolewe darasani

Mhariri,

Msomaji wenu aliyependekeza kwamba watoto waachishwe kugawanya kwa mkono, kwa kuwa simu zinaifanya kazi hiyo, namjibu kwa nambari moja: 4,294,967,297.

Mimi husomesha hisabati jioni hapa Langoni, kwenye daka la nyumba yetu, na nambari hii huwaandikia wanafunzi baada ya kuwaonyesha ilikotoka. Anzia 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4, nayo 4 kwa yenyewe upate 16, kisha 256, kisha 65,536. Kila moja iongeze 1: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni nambari tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyeipenda mno hisabati, aliamini kuwa zote zitakazofuata zitakuwa tasa vilevile. Inayofuata ndiyo hiyo yetu. Ilipita karibu karne nzima hadi mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1732, alipoonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Hakubahatisha. Baadaye alieleza kuwa kigawo tasa cha nambari hii, yaani nambari tasa inayoigawanya bila baki, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 64. Basi za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Vikokotoo vya dukani vya tarakimu nane haviwezi hata kuiandika, maana ina kumi. Kwa hiyo wanafunzi wangu hushika kalamu. 641 katika 4,294 inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9, upate 4,489: mara 7, inabaki 2. Hapo wengi hukata tamaa, kwa kuwa 2 ilikuwa karibu sana na kuisha. Zinafuata sufuri mbili, na asiyeziandika amepotea. Kisha 4, kisha 1, na baki yake, tazama, ni 448 ile ile ya mwanzo! Ila safari hii inayoshuka ni 7, si 9. Inakuwa 4,487, mara 7, haibaki kitu. Jibu ni 6,700,417, nayo pia ni tasa.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alikataa kuondoka mpaka azidishe kurudi juu, ahakikishe mwenyewe, na adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia. Simu ingempa jibu hilo hilo, lakini ile 448 asingeiona ikirudi.

Hesabu za chenji na bei zifanywe kwa simu, sina neno. Darasani ni jambo jingine.

Nina ombi pia. Katika ukurasa wenu wa watoto chapisheni nambari inayofuata, 18,446,744,073,709,551,617, pamoja na kigawo chake 274,177, mwaache wagawanye kwa kalamu. Jibu litoke toleo la baadaye.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu