Mbona Hamkuja Siku ya Mwisho?

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tulipandishiana sauti juu ya nyinyi waandishi wa habari na washukiwa mnaowatangaza kabla ya hukumu, nami nikikasirika maneno hunipotea.

Ulisema Kenya hatuna jopo la raia la kuamua kesi kama Marekani, na hata wale wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa mwaka 2007. Anayeamua ni hakimu, na hakimu haamui kwa taarifa ya habari. Hilo nakubali. Lakini somo, hakimu ni mtu mmoja. Mtaa mzima ulikuwa umeshahukumu usiku ule ule.

Unamkumbuka kijana wa nyumba ya pili, aliyekuwa akituletea maji ukija likizo. Aliposhikwa kwa wizi wa mabavu na kupelekwa kortini, polisi wakiomba siku zaidi za kumzuilia, kamera zilifika kabla ya mamake. Kuziona tu, akavuta fulana akajifunika uso. Picha hiyo ndiyo iliyotembea simu hadi simu. "Asiye na kosa hujificha?" wakasema, na wengine wao ni watu waliomlea. Mtangazaji alitamka "mshukiwa", sikatai. Ila maandishi chini ya picha yalisema genge limenaswa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, lakini mtu akishaona pingu, nani atamkumbusha?

Halafu kuna jambo ambalo hukunipa nafasi nikueleze: gwaride la utambulisho. Mshukiwa huchanganywa na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, shahidi apite amguse aliyemwona. Mwenye duka aliyeibiwa alimgusa bila kusita. Siku ya kutoa ushahidi wakili akamuuliza, mama, kabla ya gwaride ulikuwa umetazama habari kwenye runinga? Akasema kweli tupu: ndiyo, jana yake usiku. Basi gwaride likafa pale pale, na upande wa mashtaka haukuwa na kingine cha kushika. Nilimtazama yule mama akishuka kizimbani. Hakusema uongo. Alimtambua mtu aliyemwona kweli, ila alimwona sebuleni kwake. Na mpaka leo hajui ni nani aliyemwekea panga shingoni.

Ilichukua miaka mitatu, na mingi ya siku hizo alikuwa gereza la Shimo la Tewa maana bondi ilimshinda mamake. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Machi hii hakimu akasema hana kesi ya kujibu, akamwachilia chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Tulikuwa watu wanne kwenye benchi. Niligeuka kutazama mlangoni, nikajua nakutafuta wewe na wenzako. Hapakuwa na kamera hata moja. Mbona hamkuja?

Nimesoma habari za Lindy Chamberlain wa Australia. Mwaka 1980 walipiga kambi karibu na mwamba wa Uluru, mwanawe mchanga akachukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa kule. Mama yule hakulia mbele ya kamera vile watu walivyotaka alie, basi wakasema ndiye muuaji. Uvumi ukaenea hata kwamba jina la mtoto, Azaria, maana yake ni kafara jangwani. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha. Iliyoitwa damu ndani ya gari lao ilikuja kujulikana kuwa dawa ya kiwandani ya kuzuia kelele. Koti la mtoto likapatikana 1986, akatolewa jela, lakini uamuzi rasmi kwamba ni dingo haukutoka hadi 2012. Miaka 32! Nikafunika simu nikamfikiria kijana wetu na fulana yake. Huyu alijificha, yule hakulia, na wote wawili walihukumiwa kwa sura. Lakini kule angalau waandishi walirudi, wakaandika hadi mwisho.

Juzi alikwenda kuomba kazi ghalani. Mwenye ghala akaandika jina lake kwenye simu, ikatoka picha ile ile. Akaambiwa watampigia.

Najua utaniambia wewe si mhariri, na kwamba mtu kuachiliwa si habari ya kusukuma wasikilizaji. Jaribu hata hivyo. Nimekutolea nakala ya uamuzi wote, nampa kondakta wa basi la usiku kesho. Nenda ukaichukue ofisini kwao asubuhi. Sikuombi kipindi. Dakika moja inatosha: jina lake kama lilivyotajwa siku ile, na kwamba ameachiliwa.

Mamake hufungua redio yenu kila siku saa moja jioni. Sijamwambia kuwa nakuandikia. Yeye anaamini mtaisema tu, maana ni habari.

Wako,
Somo