Mashine ya hewa msiifute

Trondheim, Januari

Ndugu yangu Salum,

Assalaam aleikum. Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, kikohozi cha mdogo kimeisha, na Bi Mkubwa alipiga simu juzi kutoka Tanga akikuulizia. Nimekawia kukuandikia, lakini ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi: eti kamati imefuta mashine ya kurudisha joto ili kupunguza gharama za kujenga ukumbi wenu. Salum, futeni kingine chochote, hiyo iacheni.

Hebu piga hesabu. Nje, baridi yenu ya Winnipeg nyuzi 30 chini ya sifuri. Ndani mnataka 21. Watu 200 harusini hawawezi kuvuta hewa ile ile usiku kucha. Lazima iingie mpya, na hiyo ipashwe nyuzi 51 zote kwa pesa zenu. Mashine inapitisha hewa chafu ya moto ubavuni mwa hewa safi ya baridi, kuna bamba tu katikati, hazichanganyiki. Ikirudisha asilimia 80 ya joto, hewa safi inafika ndani na nyuzi kama 11 kabla hamjawasha chochote. Halafu wageni wenyewe ni moto: mtu aliyekaa hutoa wati 100 hivi, kwa hiyo 200 ni kilowati 20!

Jengo la kwanza nililofanyia kazi huku lilikuwa shule ya chekechea. Kuta zilizibwa kila tundu, njia ya hewa ikabanwa kwa sababu ya bajeti, unyevu ukakosa pa kutokea. Mwaka wa pili tulibomoa dari mpya, kuvu imetanda kila kona. Sijasahau harufu ile.

Wakisema ni mambo ya Ulaya, wakumbushe Regina, hapo jirani Saskatchewan. Nyumba ya majaribio iliyojengwa huko mwaka 1977 ilikuwa na mashine ya namna hii, miaka 14 kabla Wajerumani hawajajenga nyumba yao maarufu ya Darmstadt, ile isiyohitaji joto jingi. Au wapeleke Manitoba Hydro Place, jengo la shirika la umeme mjini kwenu hapo. Lile dohani la mita 115 mnalopita kila siku, wakati wa baridi joto la hewa inayotoka hurudishwa kupasha ile inayoingia.

Kama lazima mkate, kateni ukuta wa kioo wa kaskazini. Najua Mzee Kombo anaupenda, lakini huko jua la baridi halifiki, na hata kioo cha tabaka tatu hupoteza joto mara tano ya ukuta mnene, au zaidi.

Na mashine yenyewe, kwa baridi hiyo barafu huota ndani yake. Mkandarasi amesema itayeyushwaje? Mlango mkuu mmeuwekea ukumbi mdogo wa milango miwili? Nani atapima uvujaji wa hewa kabla jipsamu haijafunika kuta? Kikao ni lini, na nikimwandikia Mwenyekiti mwenyewe utanisomea mbele yao? Nitumie michoro mipya leo leo.

Wako,
Hamisi