"Baada ya kuondoka" ndiyo nini, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimeanza kulisoma wakati ule dada yangu akinitumia vifurushi kutoka Tanga, amelifungia kanga na dagaa. Siku hizi nalisoma kwenye simu. Miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja, hata pale mlipochapisha picha ya mtu aliye hai mkamwita marehemu. Lakini ile makala yenu ya Jim Tressel, kocha aliyepanda hadi kuwa rais wa chuo kikuu na sasa Naibu Gavana wa Ohio, imenikwama kooni.

Mmeandika kwamba "baada ya kuondoka Ohio State", chuo kikuu cha hapa Columbus alikokuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani, aliingia kwenye utawala wa vyuo. Baada ya kuondoka! Utadhani aliaga vizuri, akakatiwa keki.

Mimi nilikuwa hapa hapa Columbus. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 30 Mei 2011, sikukuu yao ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tulikuwa wachache. Nilikuwa namlisha uji mzee mmoja aliyekuwa havui fulana yake nyekundu ya timu mpaka tumbembeleze. Televisheni ikatangaza kuwa Tressel amejiuzulu. Mzee akafumba mdomo. Nikasogeza kijiko, akageukia ukutani. Nikatoka ukumbini kuuliza nani kafa, maana hata wenzangu wa jikoni walikuwa wamesimama kimya na mataulo mabegani. Hivyo ndivyo "alivyoondoka", Mhariri.

Na sababu mngeweza kuiandika kwa mistari minne, nafasi mliyoipa picha ya kile kizibao chake cha sweta ingetosha. Aprili 2010 wakili mmoja alimwandikia barua pepe kumtonya kwamba wachezaji wake wanauza jezi na pete za ubingwa, na kwamba mnunuzi ni mwenye duka la kuchora tatuu. Sheria za mpira wa vyuo wakati ule zilikataza. Kocha akamjibu wakili, lakini kwa wakubwa wa chuo akakaa kimya. Septemba akatia saini fomu kwamba hajui uvunjaji wowote wa sheria. Desemba wachezaji 5 wakafungiwa mechi 5 kila mmoja za msimu uliofuata, yeye bado kimya. Machi 2011 ikafumuka, akatozwa faini ya dola 250,000, na Mei akaachia ngazi. Halafu Julai, na hapa ndipo naomba mwandishi wenu avae miwani, chuo kikakubali neno "kujiuzulu" ligeuzwe liwe "kustaafu", na ile faini akasamehewa.

Desemba ya mwaka huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaamua kwamba kwa miaka 5 chuo chochote kitakachomwajiri kuwa kocha kitabidi kijieleze na kibebe adhabu. Miezi miwili baadaye Chuo Kikuu cha Akron kikamchukua, si kufundisha mpira, bali kuwa makamu wa rais wa chuo. Mwaka 2014 akawa rais wa Chuo Kikuu cha Youngstown State. Hesabuni wenyewe: ile miaka 5 ilikuwa haijaisha! Kukaa kwenye benchi la timu kulikuwa na kizuizi. Kukaa kwenye kiti cha mkuu wa chuo kizima, chenye maelfu ya wanafunzi, hakukuwa na kizuizi chochote.

Sisemi hakufaa. Youngstown wana haki ya kumpenda. Ule mji ulivunjika mgongo Septemba 1977 kiwanda kikubwa cha chuma kilipotangaza kufunga na maelfu wakakosa kazi, na kocha huyu ndiye aliyewaletea ubingwa wa taifa wa daraja lao mara 4 kati ya 1991 na 1997, kabla hajaja huku kwetu kuchukua ule wa msimu wa 2002. Alipokuwa rais wa chuo alichangisha zaidi ya dola milioni 100. Anajua kuongea na watu, anajua kukumbuka jina la mtu. Sawa.

Lakini mimi nina mtoto, Mhariri. Kijana wangu alikuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja cha jimbo hili, sikitaji maana bado nawadai heshima yangu. Wakamtumia barua pepe kwamba ruzuku yake ya masomo inahitaji karatasi moja ya kodi kutoka kwangu. Hakuifungua. Ni kosa lake, nilimsema mpaka nikakauka sauti. Karatasi niliipeleka mwenyewe, nimeishika mkononi ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, siku mbili baada ya tarehe ya mwisho. Karani wa dirishani, binti mdogo mwenye kucha za buluu, hakuigusa. Akageuza kompyuta nione: barua ilitumwa tarehe fulani, saa fulani, masomo yote manne yamefutwa, na akitaka kurudi darasani alipe ada yote taslimu pamoja na dola 150 za kuchelewa. Nikamwambia, mwanangu, karatasi si hii hapa? Akasema, "Mama, barua pepe ilitumwa." Nikaomba kumwona mkubwa wake. Mkubwa alikuwa kwenye kikao. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, kikao hakikuisha. Kijana akapoteza muhula mzima akipanga maboksi kwenye ghala usiku. Mmoja hakufungua barua, akafukuzwa darasani. Mwingine aliifungua, akaisoma, akaijibu, akaificha miezi mingi, akapewa chuo.

Na wale vijana 5? Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, wanatangaza biashara mchana kweupe. Wale walifungiwa kwa kuuza vitu vyao wenyewe na kupunguziwa bei ya tatuu. Kocha wao, Novemba 2012, alirudi uwanjani kwenye mechi dhidi ya Michigan, mahasimu wao wakubwa, akabebwa mabegani, zaidi ya watu 100,000 wakipiga kelele. Kelele zile nilizisikia kituoni, nikisubiri basi ambalo Jumamosi za mechi hubadilishiwa njia bila sisi wa zamu ya jioni kuambiwa. Nilitembea dakika arobaini na viatu vya kazi. Hilo nalo iko siku nitaliandikia.

Halafu mmemwita "kocha wa soka". Mhariri, mpira wenyewe una umbo la papai changa na wanaushika kwa mikono! Andikeni futiboli ya Kimarekani, wasomaji wataelewa. Mjomba wangu Muheza amenipigia simu kuniuliza huyo Tressel alichezesha mfumo gani, 4-3-3 au 4-4-2, nikakosa la kumjibu.

Pendekezo langu ni hili. Julai 2011 Ohio State yenyewe ilijifutia ushindi wote wa msimu wa 2010. Tuliziona zile mechi, mzee wangu wa uji alizishangilia mpaka akamwaga chai, lakini kitabuni hazipo. Basi na chuo cha kijana wangu kifanye vivyo hivyo: dola 150 zifutwe kitabuni, wote tukijua kwamba zilikuwepo, na penye "alifutiwa masomo" waandike "alistaafu". Na kila kocha atakayepewa cheo cha utawala akae kwanza dirisha namba 3, wiki ya usajili, Jumatatu hadi Ijumaa, bila msaidizi. Kizibao cha sweta aje nacho, pale kiyoyozi ni kikali.

Nyinyi nawaomba masahihisho tu, ukurasa ule ule, herufi zile zile. Kijana amesharudi masomoni. Risiti ya 150 ninayo, nikitakiwa nitaipiga picha niwatumie.

Mama wa Mwanafunzi,
Columbus, Ohio