Pakiti Imeandikwa “Haina Sukari”: Igeuze Usome Nyuma

Wengi wa wateja wanaoingia dukani kwetu hapa Kampala wanapunguza wanga: wameshaacha posho (ugali), wamepunguza matoke, na chapati wanaitazama kwa mbali. Kinachowasumbua ni hamu ya kitu kitamu baada ya chakula cha jioni. Tunawauzia chokoleti tunayoitengeneza wenyewe kwa kakao ya Bundibugyo, wilaya iliyo mpakani na Kongo. Hata hivyo, swali tunaloulizwa kuliko yote halihusu kakao. Mteja huuliza: “Kama haina sukari, kwa nini kipimo changu cha sukari ya damu kilipanda?”

Kwa kufuata mwongozo wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, chakula huruhusiwa kuitwa kisicho na sukari kikiwa na sukari isiyozidi gramu 0.5 katika kila gramu 100. Maneno hayo yanazungumzia sukari peke yake, wala hayasemi lolote kuhusu kabohaidreti nyingine, na mtu anayepunguza wanga anapaswa kuzihesabu zote. Chokoleti ya kawaida yenye kakao asilimia 70 hubeba takriban gramu 30 za sukari katika gramu 100. Mtengenezaji akiziondoa, lazima ajaze pengo lile kwa kitu kingine, na kitu hicho ndicho cha kuchunguzwa.

Mara nyingi huwa ni maltitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari. Watengenezaji huipenda kwa sababu utamu wake unakaribia wa sukari na haibadilishi sana jinsi chokoleti inavyoshikana na kuyeyuka mdomoni. Sisi pia tulianza nayo, na tulijuta. Sehemu yake humeng’enywa ikawa glukosi, ndiyo maana ina kalori zaidi ya 2 kwa gramu ilhali sukari ina 4, na sehemu inayobaki hushuka hadi utumbo mpana, ambako huvuta maji na kuchachushwa na bakteria. Mteja mmoja wa kwanza alimaliza pakiti nzima katika safari ya basi kwenda Mbarara. Aliyotueleza aliporudi hayafai kuandikwa hapa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya asilimia 10 ya vitamu vya jamii hii hulazimika kubeba onyo kwamba ikiliwa kupita kiasi inaweza kuharisha.

Leo tunatumia erithritoli, kitamu kingine cha jamii hiyo, pamoja na stevia kidogo, kitamu kitokanacho na majani. Sehemu kubwa ya erithritoli hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba na kutoka kwa mkojo bila kubadilika, kwa hiyo haipandishi sukari ya damu, na matumbo mengi huivumilia vizuri kuliko maltitoli. Ina kasoro zake: utamu wake ni kama asilimia 60 hadi 70 ya sukari, huacha ubaridi mdomoni kama wa mnanaa, na isiposagwa laini sana ulimi huhisi changarawe. Ubaridi huo bado haujatutoka kabisa, na hatutamdanganya mtu kwamba umekwisha.

Sasa geuza pakiti. Katika maduka makubwa ya Kampala hukaa pamoja bidhaa za Uingereza, za Ulaya na za Marekani, na hesabu zao za kabohaidreti hazifanani. Lebo ya Marekani hujumuisha nyuzinyuzi, ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari, ndani ya kabohaidreti, kwa hiyo unaziondoa mwenyewe. Lebo ya Uingereza au ya Ulaya imeshaziondoa, na ukiziondoa tena utajidanganya. Lebo yetu hufuata mtindo wa kuzijumuisha: katika gramu 100 kuna kabohaidreti gramu 45, kati yake nyuzinyuzi ni 10 na erithritoli 27, hivyo zinazobaki kuhesabiwa ni 8. Kama kitamu kilichotumika ni maltitoli, ondoa nusu yake tu, wala usiiondoe yote.

Vipande viwili vya chokoleti yetu, vya gramu 10 kila kimoja, vinakuletea chini ya gramu 2 za kabohaidreti, kiasi ambacho hata mtu anayejiwekea gramu 20 kwa siku anaweza kukimudu, ilhali sahani ya kawaida ya matoke hufikia gramu 50 kwa urahisi. Ukitaka kuviongezea kitu, karanga au simsim (ufuta) zinafaa. Korosho zina kabohaidreti nyingi zaidi. Chokoleti ya maziwa iangalie kwa makini, kwani maziwa yana sukari yake ya asili hata pale ambapo hakuna iliyoongezwa.

Wapo wanaotuuliza kuhusu usalama. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliohusisha viwango vikubwa vya erithritoli katika damu na mshtuko wa moyo na kiharusi. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kimoja kinasababisha kingine, lakini mwenye ugonjwa wa moyo ni vyema azungumze na daktari wake kabla ya kuifanya chokoleti yetu kuwa ya kila siku. Tungependa kumpoteza mteja kuliko kumficha jambo hilo.

Kuhusu kuihifadhi, siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, kwa hiyo usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Utando mweupe unaotokea baadaye ni mafuta yaliyopanda juu, si ukungu. Mbwa asipewe chokoleti yoyote, hasa yenye zailitoli, kitamu kingine cha jamii ya maltitoli, ambayo kwake ni sumu kali.

Neno la mwisho ni kwa wanaotumia insulini au dawa zinazoshusha sukari. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari imeshuka, chokoleti hii haitakusaidia hata kidogo, na hata ile ya kawaida huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Mfukoni weka glukosi, au nunua soda ya kawaida yenye sukari katika duka lililo karibu.