Penalti yako na mitihani yangu mitatu

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mie sijambo, ila baridi tu. Mama kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika sita, tano na nusu zote wewe. Kasema tangu fainali ile hupiti barazani, sala unasali nyumbani, na chakula unaletewa chumbani kama bwana harusi. Kasema ulipaisha penalti ya mwisho, mpira ukaenda kuokotwa mikarafuuni.

Pole umeshapewa na Wete nzima, yangu haitaongeza kitu. Mie nina langu la kukiri.

Mwaka jana niliwaambia mtihani wangu wa udereva umeahirishwa. Haukuahirishwa, nilifeli. Nikarudia, nikafeli. Mara ya tatu vilevile. Huku mtihani wa barabarani ni kama dakika 40. Makosa madogo unasamehewa mpaka 15, lakini kubwa likitokea moja tu, umekwisha, na kila ukirudia ni pauni 62. Mara ya kwanza niliingia kipilefti bila kumpisha anayetoka kulia. Ya pili klachi. Ya tatu naomba uniache nayo. Na wanaendesha kushoto kama kwetu, sina hata kisingizio!

Kufeli kwenyewe kuliniuma siku mbili. Ule uongo ndio ulionikaa miezi. Mama akipiga, "Hilo gari vipi?", nami natunga. Mwisho nikawa nazikwepa simu zenu, mkadhani kazi zimenizidi. Kazi yenyewe ni kutunza wazee majumbani kwao, na asiye na leseni anakwenda kwa basi, mvua imnyeshee. Wa mbali wanapewa wenzangu.

Wewe umekosa mbele ya watu wote, huna cha kuficha. Wallahi nakuonea wivu kidogo.

Unaikumbuka Disemba 2017? Tulikuwa kwa jirani, umenilalia mapajani, fainali ya Kombe la Chalenji, Zanzibar yetu na Kenya, kule Machakos. Mbili kwa mbili, kisha penalti, na yule kipa wao Matasi akapangua tatu. Mwaka uleule CAF, shirikisho la soka la Afrika, walikuwa wametupokea uanachama Machi, wakatutoa Julai, yaani mwaka mzima ni kuumizwa tu. Ulilia mpaka ukatapika urojo kwenye kanga yangu. Lakini vijana waliporudi Unguja walipokewa kwa shangwe, na waliokosa penalti nao walikuwemo.

Januari 2025 ulinipigia kutoka uwanja wa Gombani tulipoifunga Burkina Faso 2-1. Sikusikia neno, kelele tupu. Sijakusikia hivyo tena.

Kesho kasali msikitini. Watakutania, hasa wale wa baraza ya dukani, ambao njumu hawajazivaa maishani mwao. Waache wamalize, watahamia bei ya karafuu. Kocha akiuliza nani apige siku nyingine, hapo utajua mwenyewe, mie mambo ya mpira sikufundishi.

Mtihani wangu wa nne ni Jumanne, saa nne asubuhi ya huku, kwenu saa saba mchana. Msomee mama barua hii yote, na pale pa kipilefti usiparuke. Nikifeli nitapiga simu siku hiyohiyo, kwa hiyo simu yako iwe na chaji.

Dada yako