Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tunaomba tarehe mgonjwa alipoanza kuumwa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na pole na majukumu. Nakuandikia wazi hivi maana barua za ofisini zinapita meza nyingi mno na ugonjwa hausubiri mihuri. Ombi langu ni moja, fomu za mlipuko ziwe na tarehe mgonjwa alipoanza kuumwa, na hizo data ziwafikie wataalamu wa modeli za hisabati, yaani hesabu za kukadiria ugonjwa utaeneaje, siku hiyohiyo.

Mimi kazi yangu ni kuingiza hizo fomu kwenye kompyuta. Kuna siku niliona wagonjwa 31 wote wana tarehe moja, nikashtuka nikajua tayari umelipuka, kumbe ndo siku gari lilipita kukusanya fomu! Nikapiga simu kuuliza, kuna mtoto homa ilimwanza siku tisa nyuma. Sasa grafu ya hivyo mtaalamu ataifanyia nini?

Modeli yenyewe wazo lake linaeleweka kabisa. Mwaka 1927 wanasayansi Kermack na McKendrick waligawa watu mafungu matatu, wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona au kufariki, halafu ukahesabu watu wanahama fungu hili kwenda lile kwa kasi gani. Kasi hiyo tunaisoma kwenye tarehe. Chukua wagonjwa 10, idadi ikawa inaongezeka mara mbili kila siku 5, baada ya siku 30 wameshafika 640, ila ukiwahi siku 10 kabla unakuta wako 160. Kama inaongezeka mara mbili kila siku 15 basi mwezi ukiisha wako 40 tu. Yaani tarehe zikiwa za hovyo hujui unaandaa vitanda 40 au 640, na wauguzi ndo wanabeba huo mzigo.

Najua wapo wanaokwambia modeli ni uongo, na mfano wao ni Ebola ya Afrika Magharibi. Septemba 2014 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walisema hali ikiachwa ilivyo, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufika wagonjwa milioni 1.4 ifikapo Januari 2015. Mlipuko wote ukaishia kwenye wagonjwa kama 28,600. Lakini hesabu ilisema "ikiachwa", na haikuachwa, na ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba asilimia 70 ya wagonjwa wakihudumiwa mahali ambapo hawaambukizi wengine, na mazishi yakawa salama, ugonjwa utaanza kushuka. Hiyo 70 ndo namba ya kufanyia kazi, na ilipatikana kwa modeli. Na ndiyo, modeli hukosea pia, hasa watu wakibadilisha mienendo yao wenyewe katikati ya mlipuko, ndo maana inataka data mpya kila siku, siyo ripoti ya mwezi uliopita.

Kwahiyo Mheshimiwa, kwenye fomu kiongezwe kisanduku kimoja, "ameanza kuumwa lini", mhudumu amuulize mgonjwa au mama yake kabla hajaandika kitu kingine. Majina yaondolewe, tarehe, umri na eneo vitumwe kwa simu jioni ileile bila kusubiri gari. Sisi wa kuingiza data tuko tayari kukaa hata usiku, tunasubiri maelekezo yako tu.