Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwezi Machi tulishangilia mapema katika uchunguzi wetu wa vijidudu vya tumboni. Matumbo ya mbu tuliowakamata Kilombero yalionyesha bakteria wa jenasi Ralstonia karibu kila sampuli, nasi tukaanza kuandika makala. Aliyetuzuia ni mwanachama wetu mdogo kuliko wote. Alikuwa ameweka mrija mmoja wa maji matupu, akaupitisha hatua zote: kutoa DNA, kuizidisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), hadi kuisoma kwenye mashine. Mrija ule ukatoa Ralstonia wale wale. Kumbe walitoka kwenye kemikali zetu! Tumbo la mbu lina DNA kidogo mno, na uchafu wa maabara huifunika upesi. Naomba leo mpige kura kwamba hakuna uchambuzi utakaopokelewa bila mrija wa maji.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndani ya mbu mna hazina. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, walitangaza kijidudu kiitwacho Microsporidia MB ndani ya Anopheles arabiensis, mmoja wa mbu waenezao malaria. Hakimdhuru mbu kwa dhahiri, mama hukirithisha kwa watoto, na humzuia mbu kubeba vimelea vya malaria. Nacho ni jamaa ya kuvu. Sisi tuliozoea kusoma jeni ya 16S ili kutambua bakteria tungekipita bila kukiona, maana si bakteria. Ndiyo maana napendekeza fedha nyingi za mwaka ujao ziende kwenye kusoma DNA yote iliyomo tumboni, na RNA pia, yaani nakala za jeni zinazotumika, tujue jeni zipi zinafanya kazi.

Liko linaloniuma. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na wenzao walichapisha jenomu (DNA yote ya kiumbe) 91,662 za vijidudu vya tumboni, zilizosomwa kwenye kinyesi kutoka kwa Wahadza wa hapa kwetu na watu wa Nepal na California. Asilimia 44 hazikuwamo kwenye hazina za data zilizokuwapo. Kinyesi cha Wahadza ni cha Eyasi, ziwa la kwetu. Uchambuzi wake tulipaswa kuuweza sisi. Kwenye mafunzo ya Julai wengi walikwama pale pale: kompyuta ziliishiwa kumbukumbu kabla ya kuunganisha vipande vya DNA, na seva tuliyoahidiwa haijafika hadi leo. Nitaendelea kuidai.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Darasa la Linux, mfumo wa kompyuta utumikao kwa uchambuzi huu, linaanza Jumamosi ijayo, bure kwa wanachama. Wenye mbu kwenye friza ya chama walete orodha zao. Mirija isiyo na tarehe hatutaisoma.